Picha.JPG na picha.jpg: faili moja au mbili? Uzi wa herufi kubwa na ndogo kwenye Linux, Windows na macOS

#1 ShinaLaMti

Wakuu, salaam. Nimefungua uzi huu tuyaweke pamoja mambo ya herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya faili. Dalili mnazijua: tovuti inafunguka vizuri kwenye laptop, ikipandishwa kwenye seva nusu ya picha hazionekani. Repo ya Git (hazina ya msimbo pamoja na historia yake) ikishushwa kwenye Windows inadai kuna faili zimebadilika wakati hakuna aliyegusa kitu. Folda ikinakiliwa kutoka Linux kwenda kwenye fleshi, idadi ya faili inapungua na hakuna ujumbe wowote wa kosa.

Watu hupenda kusema "Linux inatofautisha, Windows na Mac hazitofautishi". Kauli hiyo inamsaidia anayeanza, ila baada ya hapo inapotosha. Anayeamua ni mfumo wa faili uliomo kwenye patisheni husika, na siku hizi hata folda moja inaweza kuwa na kanuni yake ndani ya diski ileile. Chukua kompyuta ya Linux, ichomeke fleshi ya exFAT: kwenye diski ya ndani Ripoti.txt na ripoti.txt ni faili mbili, kwenye fleshi ni moja. Mfumo wa uendeshaji haujabadilika.

Kwenye ext4, mfumo wa faili wa kawaida wa Linux, jina la faili ni mfuatano wa baiti tu. Kerneli, yaani kiini cha Linux, haina habari kama baiti hizo ni herufi za lugha gani. Inakataa vitu viwili, mkwaju `/` na baiti sifuri, na jina lisizidi baiti 255. P kubwa ni 0x50 na p ndogo ni 0x70. Zinatofautiana kwa biti moja, lakini kwa kerneli biti moja inatosha kuwa jina jingine kabisa.

NTFS ya Windows, exFAT ya fleshi, na APFS ya kawaida ya Mac zina tabia ya kati: zinahifadhi jina kama ulivyoliandika, ila wakati wa kutafuta hazijali ukubwa wa herufi. Ukihifadhi Ripoti.txt utaiona hivyohivyo kwenye orodha, na ukiiita RIPOTI.TXT inakuja ileile. Huwezi kuweka zote mbili kwenye folda moja.

Kundi la tatu ni la zamani, FAT ya enzi za MS-DOS: herufi nane, nukta, herufi tatu, na kila kitu kinageuzwa kuwa herufi kubwa kabla ya kuandikwa kwenye diski.

#2 Kibodi_Kavu

Mkuu, kwa hiyo ndiyo sababu picha za kamera huja na majina kama IMG_0001.JPG, yote makubwa?

#3 ShinaLaMti

Ndiyo. Kanuni ya majina ya kamera ilijengwa juu ya FAT ya 8.3, nayo haina herufi ndogo. Majina marefu kwenye FAT yalienea na Windows 95, na yaliongezwa kwa ujanja: jina refu linakatwa vipande vya herufi 13, kila kipande kinakaa kwenye ingizo lake la folda, na jina fupi la herufi kubwa linabaki chini yake kwa ajili ya programu za zamani.

Kuna kitu kidogo kinachowachanganya wanaofungua fleshi hizo kwa vifaa vya zamani. Jina fupi likiwa lote la herufi ndogo, mfano `nembo.png`, Windows za ukoo wa NT haziandiki jina refu. Zinaandika NEMBO.PNG, kisha zinawasha biti mbili kwenye baiti ya 0x0C ya ingizo: 0x08 ikimaanisha jina lionyeshwe kwa herufi ndogo, 0x10 ekstensheni nayo hivyo. Kifaa kisichozijua biti hizo kitakuonyesha NEMBO.PNG. Usishangae basi fleshi moja kuonyesha majina kwa namna mbili kwenye vifaa viwili.

#4 DiskiNaSahani

Naongezea upande wa NTFS, maana hapa kuna jambo ambalo likieleweka mengine yote yanakaa sawa.

NTFS yenyewe, tangu ilipotoka na Windows NT 3.1 mwaka 1993, ina uwezo wa kutofautisha. Kutotofautisha ni uamuzi wa tabaka la Windows lililo juu yake. Ili tabaka hilo lijue kwamba é na É ni kitu kimoja, linahitaji jedwali, na jedwali hilo limo ndani ya diski yenyewe kwenye faili iliyofichwa iitwayo `$UpCase`. Ukubwa wake ni baiti 131,072, yaani nafasi 65,536 za baiti mbilimbili: kila herufi inaonyeshwa herufi yake kubwa. Linaandikwa siku ya kufomati na linabaki vile.

Kwa nini liwe ndani ya diski na si ndani ya Windows? Kwa sababu majina kwenye folda ya NTFS yamepangwa kwa mti wa B, na mpangilio unafuata herufi baada ya kugeuzwa kuwa kubwa. Tuseme Windows mpya inaongeza herufi kumi kwenye jedwali lake na kulitumia juu ya diski ya zamani. Ikitafuta jina, itashuka kwenye tawi la mti ambalo jina halimo. Faili ipo, data ipo, ila haifunguki. Ndiyo maana jedwali linasafiri na diski, na exFAT nayo ina jedwali lake la namna hiyo.

Faida nyingine: jedwali halijali lugha uliyoweka kwenye kompyuta. Kituruki kina i mbili, yenye nukta na isiyo na nukta, na herufi kubwa ya i ni İ. Kama NTFS ingefuata lugha ya mtumiaji, FILE.TXT ingekuwa faili moja na file.txt kwa mmoja na tofauti kwa mwingine, diski ileile.

#5 Mkuki_wa_Kodi

DiskiNaSahani umenena. Sasa kwa wenye kazi ya kufanya: kuanzia Windows 10 toleo 1803 la mwaka 2018, folda moja ya NTFS unaweza kuiambia itofautishe. Fungua PowerShell kama msimamizi:

`fsutil.exe file setCaseSensitiveInfo C:\kazi\mradi enable`

Kuhakiki:

`fsutil.exe file queryCaseSensitiveInfo C:\kazi\mradi`

Ikigoma, angalia kwanza kama umewasha kipengele cha Windows Subsystem for Linux (WSL, Linux ndani ya Windows), kwa sababu amri hii ilikuja pamoja nacho. Tumia folda tupu. Folda ndogo utakazounda baadaye zitarithi, zilizokuwemo tangu awali hazibadiliki, hivyo kuwasha juu ya mradi uliojaa kunakuachia mchanganyiko mbaya. Kuzima (`disable`) kutakataliwa kama mna faili mbili zinazotofautiana kwa ukubwa wa herufi tu, mpaka ubadilishe jina la mojawapo.

Tahadhari: programu nyingi za Windows ziliandikwa zikiamini kwamba Data.ini na DATA.INI ni kitu kimoja. Nyingine hugeuza njia yote ya faili kuwa herufi ndogo kabla ya kuifungua. Ndani ya folda hii zitaambiwa faili haipo. Itumie kwa msimbo unaojengwa na zana za Linux, usiiwashe kwenye folda za programu zilizosakinishwa.

#6 Kibodi_Kavu

Na kwa wa Mac? Ninaona ushauri wa kufomati diski nzima kuwa inayotofautisha ili kufanana na seva.

#7 TufahaBichi

Usifomati diski nzima, mkuu. Programu kadhaa kubwa za Mac zimeandikwa kwa kutegemea kutotofautisha, na ukiziweka kwenye diski inayotofautisha zinakataa kusakinishwa, au zinasakinishwa halafu hazioni faili zake zenyewe.

Anza kwa kujua ulichonacho:

`diskutil info / | grep -i personality`

Ukiona APFS tupu, haitofautishi. Inayotofautisha itaandikwa Case-sensitive APFS. Njia nzuri ni kuongeza voliumu ya pili kwa ajili ya msimbo tu. Voliumu za APFS zinagawana nafasi ya kontena moja, kwa hiyo hupangi ukubwa wala hukati patisheni. Tafuta namba ya kontena kwa `diskutil list`, kisha:

`diskutil apfs addVolume disk3 "Case-sensitive APFS" Kazi`

Badala ya disk3 weka ya kwako. Voliumu itatokea kwenye /Volumes/Kazi. Kugeuza voliumu iliyopo kutoka aina moja kwenda nyingine hakuna. Unaunda mpya na kunakili.

Kwa historia, HFS+ ya 1998, iliyoitangulia APFS, haikutofautisha, na aina yake inayotofautisha ilikuja na Mac OS X 10.3 mwaka 2003. Ajabu ni kwamba iOS inatumia APFS inayotofautisha. Mtu anajenga programu ya simu, kwenye simulator ya Mac picha zinaonekana, akiiweka kwenye simu halisi hazionekani. Chanzo ni hicho.

Mac ina jambo la pili lililo jirani. é inaweza kuandikwa kama herufi moja au kama e ikifuatwa na alama ya mkazo. HFS+ ilikuwa inavunja yote kuwa vipande viwili kabla ya kuandika. APFS inaacha ulivyoandika, ila inazihesabu kuwa jina moja. Linux inaziona faili mbili ambazo kwa macho zinafanana kabisa. Mkikuta "faili mbili zenye jina moja" kwenye seva, pitisheni `ls | xxd` muone baiti zenyewe.

#8 ShinaLaMti

Shukrani TufahaBichi. Tuingie kwenye Git, maana ndiko wengi wanakoumia.

Git yenyewe ndani ya hazina yake inatofautisha daima. Nembo.png na nembo.png ni njia mbili. Tatizo linaanza inapoziweka kwenye diski. Unapofanya `git init` au `git clone`, Git inaipima diski: inaandika `.git/config`, halafu inaulizia `.git/CoNfIg`, herufi zimechanganywa makusudi. Ikijibiwa kwamba faili ipo, inajua diski haitofautishi na inaweka `core.ignorecase = true` kwenye config ya repo hiyo.

Kutokana na hapo yapo mambo matatu.

La kwanza, kipimo kinafanyika mara moja tu. Ukinakili folda nzima ya repo pamoja na .git kutoka Mac kwenda Linux, `ignorecase = true` inakwenda nayo, na Git ya Linux inaanza kupuuza tofauti zilizo halisi. Kwenye mashine mpya shusha upya kwa `git clone`, au rekebisha thamani hiyo iendane na diski.

La pili, kinyume chake ni kibaya zaidi. Mtandaoni utakuta ushauri wa kuweka `core.ignorecase false` kwenye Windows au Mac ili Git "ione" mabadiliko ya herufi. Usifanye. Diski bado haitofautishi. Ulichofanya ni kuidanganya Git. Utabadilisha jina la faili, Git itaongeza jina jipya bila kuondoa la zamani, na repo sasa ina njia mbili kwa faili moja. Wa Linux akishusha anapata faili mbili, moja ikiwa na maudhui ya kale.

La tatu ni namna sahihi ya kubadilisha jina. Kwa faili, Git za sasa zinakubali moja kwa moja:

`git mv Kitufe.js kitufe.js`

Kwa folda kwenye diski isiyotofautisha amri hiyo hugoma, hivyo pitia jina la muda:

`git mv Picha picha-muda`
`git mv picha-muda picha`

Kisha commit moja. Ukibadilisha kwa Finder au Explorer badala ya `git mv`, Git yenye ignorecase haitaona kilichobadilika, na seva itabaki na jina la zamani.

#9 NyayoZaSeva

Na kama repo tayari ina njia mbili zinazogongana? Clone inatoa onyo kwamba paths have collided, halafu `git status` inaonyesha faili moja imebadilika milele, hata ukifanya `git checkout` juu yake.

#10 ShinaLaMti

Onyo hilo liliongezwa Git 2.20. Kabla yake ilikuwa kimya kabisa. Kinachotokea: Git iliandika Nembo.png, ikaja kuandika nembo.png mahali palepale. Index, yaani orodha ya Git ya faili inazozifuatilia, ina maingizo mawili, diski ina faili moja, kwa hiyo ingizo moja litaonekana limebadilika daima. Ukirudisha hili, lile linaharibika.

Itengeneze kwenye mashine ya Linux ambako zote mbili zinaonekana. Linganisha kwa `diff`, amua ipi ni ya kweli, `git rm` nyingine, commit, push. Wa Windows na Mac wakivuta, tatizo linaisha. Kama hakuna Linux, tumia WSL ndani ya folda yake ya nyumbani, si chini ya /mnt/c, kwa sababu huko utakuwa bado juu ya NTFS isiyotofautisha.

Repo ambayo haitengenezeki kwa njia hiyo ni msimbo wa Linux yenyewe. Ndani ya net/netfilter kuna `xt_DSCP.c` na `xt_dscp.c`: kubwa ni kwa ajili ya kubadilisha alama ya pakiti, ndogo kwa ajili ya kuilinganisha. Zote zinahitajika. Ukitaka kuikompaili kernel kwenye Mac, unahitaji voliumu aliyoieleza TufahaBichi.

#11 TunduLaUfunguo

Wakuu, msisahau usalama. Hili halikuishia kwenye usumbufu wa picha kutoonekana.

Desemba 2014 ulitangazwa udhaifu wa usalama wenye namba CVE-2014-9390. Git ilikuwa inakataa repo yenye folda iitwayo `.git` ndani ya mti wake, maana mtu angeweza kukupandikizia config au hooks (skripti ambazo Git huziendesha yenyewe). Ila ilikagua herufi ndogo tu. Mshambuliaji aliweza kuweka folda `.GIT` au `.Git`. Kwenye Linux ni folda ya kawaida isiyodhuru. Kwenye Windows na Mac inaandikwa juu ya `.git` halisi, na hook yake inatekelezwa kwenye kompyuta yako. Kwenye HFS+ ilikuwa zaidi, kwa sababu mfumo huo hupuuza baadhi ya herufi zisizoonekana za Unicode: `.g`, herufi isiyoonekana, `it`, ikahesabiwa kuwa `.git`. Marekebisho yalikuja na Git 2.2.1.

Machi 2021 likaja jingine la ukoo huohuo, CVE-2021-21300, lililochanganya simlinki (viungo vinavyoelekeza kwenye faili au folda nyingine) na folda zinazotofautiana kwa herufi tu. Lilizibwa kwenye 2.30.2.

Kwa anayeandika programu inayopokea faili za watu: usilinganishe jina na orodha ya majina yaliyokatazwa kwa baiti tupu kama faili itaishia kwenye diski isiyotofautisha. Mtu anakataza `.htaccess`, anapokea `.HTACCESS`. Njia salama ni kutotumia kabisa jina alilotuma mtumiaji; tunga la kwako, hifadhi la kwake kwenye hifadhidata.

#12 NyayoZaSeva

Kwa upande wa tovuti. Kwenye anwani, jina la kikoa halitofautishi, ila njia inayofuata inatofautisha. Kwenye Linux `/picha/Nembo.png` na `/picha/nembo.png` ni vitu viwili, na ekstensheni imo: .JPG si .jpg.

Kosa ninalolikuta sana kwenye seva ya wavuti ya nginx ni kuamini kwamba `location ~*` inatatua. Haitatui. Alama hiyo inafanya mlinganisho wa anwani na kanuni usijali herufi. Ukishalingana, nginx inakwenda kufungua faili kwa herufi zilezile alizotuma mgeni, na ext4 inajibu haipo.

Apache, seva nyingine ya wavuti, inayo moduli ya mod_speling. Ukiwasha `CheckSpelling On` na `CheckCaseOnly On`, itatafuta jina lenye herufi zilezile kwa ukubwa tofauti na kumwelekeza mgeni huko. Ninaikubali kwa tovuti ya zamani iliyohamishwa kutoka seva ya Windows, wakati viungo vinarekebishwa. Kuiacha moja kwa moja ni kuongeza safari ya pili kwa kila picha iliyoandikwa vibaya.

Kwa wa JavaScript, `import Kitufe from './kitufe'` wakati faili ni Kitufe.js itapita kwenye Mac na kuanguka kwenye seva ya kujengea. TypeScript inalo chaguo `forceConsistentCasingInFileNames`, na tangu toleo 5.0 limewashwa lenyewe. Miradi ya zamani wekeni kwa mkono. Python ilishalifikiria hili: `import` inakagua herufi hata kwenye Windows. Lakini `open('Data.csv')` haikaguliwi na mtu, inategemea diski.

#13 JedwaliKuu

Kuna mahali pengine ambapo watu hawatarajii kabisa: hifadhidata ya MySQL. Jedwali ni faili, kwa hiyo jina lake linafuata diski. Kigezo kinaitwa `lower_case_table_names`. Linux ni 0, jina linahifadhiwa na kutofautishwa. Windows ni 1, kila jina linageuzwa herufi ndogo. macOS ni 2, linahifadhiwa ulivyoandika lakini linalinganishwa kwa herufi ndogo.

Mradi unaandikwa kwenye Windows, msimbo unasema `SELECT * FROM Wateja`, dampo linatoka likiwa na `wateja`. Ukipandisha kwenye Linux unapata kosa 1146, jedwali halipo. Wengi hukimbilia kubadilisha kigezo kuwa 1. Kwenye MySQL 8.0 kinawekwa siku ya kuanzisha folda ya data tu. Ukibadilisha baadaye seva inakataa kuwaka. Rekebisha msimbo: majedwali yote herufi ndogo na mstari wa chini, kila mahali.

#14 Kibodi_Kavu

Sasa wakuu, niulize la msingi. Kwa mtu wa kawaida, Ripoti na ripoti ni neno moja. Kwa nini Linux isifanye kama wengine ikawarahisishia watu?

#15 DiskiNaSahani

Swali la haki, na upande wa mtumiaji una hoja. Hakuna anayefaidika kuwa na Ripoti.docx na ripoti.docx kando kwa kando.

Ugumu uko kwenye kuamua "neno moja" ni nini. Kwa A hadi Z ni rahisi. Nje ya hapo kila mfumo una jibu lake. ß ya Kijerumani ikikunjwa (yaani ikigeuzwa ili ukubwa wa herufi usihesabiwe) kwa kanuni kamili za Unicode inakuwa ss, herufi mbili. Jedwali la NTFS ni la herufi moja kwa moja, haliwezi kuligeuza hivyo. Kwa hiyo `straße` na `strasse` ni faili mbili kwenye NTFS, na faili moja kwenye ext4 iliyowashiwa casefold, chaguo la kuifanya isijali ukubwa wa herufi. Alama ya Kelvin, U+212A, inaonekana kama K ya kawaida, na Unicode inaikunja kuwa k.

Kisha zipo herufi zinazopuuzwa. Moyo wa emoji unaweza kufuatwa na U+FE0F, herufi isiyoonekana inayosema uonyeshwe kwa rangi. Casefold ya ext4 ilikuwa inaipuuza. Mwishoni mwa 2024 yaliingizwa marekebisho kwenye kerneli ili isipuuzwe. Ila heshi ya jina kwenye folda ilishakokotolewa kwa kanuni ya zamani, kwa hiyo majina yaliyokwisha andikwa yenye herufi hizo hayakupatikana tena, na marekebisho yakaondolewa. Ni tatizo lilelile la `$UpCase`: jedwali likishatumika kupanga diski, huligusi tena. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, amekuwa akipinga jambo hili ndani ya kerneli kwa miaka, na Aprili 2025 alirudia kwa ukali kwamba kutotofautisha kwenye mfumo wa faili ni kosa tangu mwanzo.

Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Urahisi wa mtumiaji uwekwe kwenye dirisha la kuchagua faili na kwenye utafutaji, ambako ukikosea hakuna data inayopotea.

#16 Mkuki_wa_Kodi

Mkuu, hapo nakupinga kidogo. Programu za Windows zinazoendeshwa kwenye Linux kwa Wine zinaomba `Textures\Ukuta.DDS` wakati faili ni `textures/ukuta.dds`. Bila msaada wa kerneli, Wine inalazimika kusoma folda nzima kila jina lisipopatikana. Mchezo wenye maelfu ya faili unakwama. Android nayo inahitaji hifadhi ya mtumiaji isiyotofautisha, kwa sababu programu zilizoea kadi za FAT. Casefold iliingia kwenye ext4 kwa kerneli 5.2 ya mwaka 2019 kwa mahitaji halisi.

Anayeitaka, kwanza ahakikishe kerneli yake inaijua:

`ls /sys/fs/ext4/features/casefold`

Kisha patisheni mpya ya data, si ya kuwashia kompyuta:

`mkfs.ext4 -O casefold /dev/sdX1`

Hapo bado haijafanya lolote. Ipandishe patisheni (hapa ni kwenye /mnt/data), kisha unawasha folda kwa folda, na folda lazima iwe tupu:

`mkdir /mnt/data/michezo`
`chattr +F /mnt/data/michezo`
`lsattr -d /mnt/data/michezo`

Ukiona F kwenye jibu, tayari. Folda ndogo zitakazoundwa humo zitarithi. Nje ya hapo ext4 inabaki vilevile.

#17 DiskiNaSahani

Kwa Wine nimekubali, hoja yako imesimama. Kwa folda moja yenye kazi inayojulikana ni sawa. Ninachokataa ni kuiwasha kwa diski nzima.

Samba, inayogawa faili za Linux kwa kompyuta za Windows mtandaoni, ina shida ileile uliyoitaja. Ikihudumia wateja wa Windows kutoka ext4, kabla ya kusema "faili haipo" inabidi isome folda yote, isije ikawa ipo kwa herufi nyingine. Folda yenye faili laki moja inakuwa nzito kila faili mpya inapoundwa. Tiba ni kugeuza majina yote yaliyomo kuwa herufi ndogo kwanza, halafu kwenye shea hiyo:

`case sensitive = yes`
`default case = lower`
`preserve case = no`
`short preserve case = no`

Mpangilio huu unaigeuza kila jina linalokuja kuwa herufi ndogo, hivyo Samba inauliza diski mara moja tu. Ukiwasha bila kugeuza majina ya zamani, yale yenye herufi kubwa hayatafunguka. Kwenye ZFS, mfumo mwingine wa faili, unaweza kukwepa yote kwa `zfs create -o casesensitivity=insensitive`, ila kigezo hicho kinawekwa siku ya kuunda tu.

#18 Kibodi_Kavu

Na zile faili zinazopungua zikinakiliwa kwenda kwenye fleshi? Nazijuaje kabla hazijapotea?

#19 TunduLaUfunguo

`cp -r` haitakuonya. Inaandika Ripoti.txt, kisha inafungua ripoti.txt ambayo kwa fleshi ni ileile, inaifuta maudhui na kuandika mapya. Unabaki na jina la faili ya kwanza likiwa na maudhui ya pili. Ukitazama jina tu ni rahisi kudhani iliyobaki ni ile ya kwanza.

Kagua kabla, ukiwa upande wa Linux:

`find . | LC_ALL=C sort -f | uniq -Di`

Ikirudi kimya, nakili. Kwa repo ya Git wengi hutumia `git ls-files` mahali pa `find`.

#20 ShinaLaMti

Hapo kwa Git pana tundu, mkuu. `git ls-files` inaorodhesha faili tu. Kama kuna `Picha/a.png` na `picha/b.png`, mistari haifanani, hivyo `uniq` haioni kitu, wakati folda zenyewe zinagongana. Tumia hii, `-t` inaorodhesha na folda:

`git ls-tree -r -t --name-only HEAD | LC_ALL=C sort -f | uniq -Di`

Iwekeni kwenye ukaguzi wa kila pull request, ikitoa mstari wowote ihesabiwe kuwa kosa. Inashughulikia A hadi Z tu. É na wenzake itawaacha.

#21 NyayoZaSeva

Na huu ndio msimbo wa kugeuza majina yote kuwa herufi ndogo, aliouliza mtu kwa DM. Endesha kwenye Linux, na kwanza uwe na bakapu:

`LC_ALL=C find . -depth -name '*[A-Z]*' | while IFS= read -r f; do`
`  d=$(dirname "$f"); b=$(basename "$f")`
`  n=$(printf %s "$b" | tr A-Z a-z)`
`  mv -nvT "$f" "$d/$n"`
`done`

`-depth` inabadilisha vya ndani kabla ya folda, la sivyo njia inakatika katikati. `LC_ALL=C` ni kwa sababu kwenye baadhi ya mipangilio ya lugha `[A-Z]` hukamata na herufi ndogo. `-n` inazuia kuandika juu ya faili iliyopo. `-T` wengi huisahau: bila hiyo, Picha ikikuta folda picha ipo tayari, `mv` inaiingiza ndani yake na unapata picha/Picha.

Ikimaliza, rudia `find` peke yake. Kila jina lililobaki na herufi kubwa ni mgongano, na huo unauamua kwa mkono, faili kwa faili. Ndani ya repo weka `git mv` badala ya `mv -nvT`, ila `git mv` haina `-T` ya kukulinda kwenye folda yenye mgongano, kwa hiyo maliza migongano kwanza kwa ukaguzi wa ShinaLaMti hapo juu. Halafu pitia viungo kwenye HTML, CSS na msimbo, hivyo havijibadilishi.